Rangi Isiyo na Chama

"Mgeni akija hapa akaikuta tai-tai moja ya plastiki baharini, moja tu, basi jueni nimeifunga mimi, kwa mkono wangu mwenyewe!"

Safari aliyasema hayo akiwa amesimama juu ya gunia la mwani mkavu ili aonekane na watu wa nyuma. Gunia likabonyea. Akayumba, akaidaka nguzo ya banda, na wanawake wa kijiji cha Wambaa wakapata kicheko walichokuwa wakikitafuta tangu mkutano uanze.

"Ufunge wewe?" aliuliza Bi Moza, tambuu shavuni. "Juzi nlikupa nche mmoja wa mwani ufunge, ukachukuliwa na maji kabla hujamaliza kujisifu!"

"Ule mche ulikuwa mkaidi, Bi Moza."

"Nche wa mwani? Ulikuwa na miguu?"

Bi Kazija, aliyekaa mbele kabisa kanyoosha miguu mkekani, hakucheka kwa sauti. Mabega tu yalimtikisika, na kwa mtu kama yeye hicho kilikuwa kicheko kikubwa. "Mwacheni mwanangu," alisema. "Katoa ahadi mbele ya watu. Sisi mashahidi."

Kwa asiyewahi kulima mwani, tai-tai ni uzi wa plastiki, mwembamba kama utambi, wa kufungia mche kwenye kamba iliyotandwa majini baina ya vigingi viwili. Kamba moja hubeba miche chungu nzima, na shamba moja lina kamba nyingi, kwa hiyo tai-tai za Wambaa peke yake zingetosha kukizunguka kisiwa na kubakiwa na za kufungia mizigo. Zikikatika huenda zitakako. Nyingine hunasa kwenye mizizi ya mikoko. Nyingine huliwa. Mama yake Safari, Bi Suhaila, muuza samaki wa kukaanga Chake Chake, alimpasua changu siku moja akaikuta tai-tai ya buluu tumboni. Akaiosha, akamwekea mwanawe pembeni mwa kikombe cha chai. "Mzigo wa kazini kwako huu," akamwambia. "Umerudi."

Safari hakuinywa chai ile. Utani wake ulikuwa mwingi, lakini kwa jambo hilo hakuwa akitania.

Alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, ofisa wa mazingira wa kampuni ya Bi Abeer iliyonunua mwani wa pwani ile. Bi Abeer mwenyewe alikuwa mtu wa Chake Chake, wa ukoo uliokuwa na mashamba ya mikarafuu zamani, mama mpole mwenye miwani ya kamba shingoni. Wanunuzi wake wa Ulaya walikuwa wamemwandikia kwamba hawataki tena mwani unaoacha plastiki baharini, na mmoja wao angekuja kujionea. Ndipo Bi Abeer akatangaza mpango: tai-tai zote zitolewe, mwani ufungwe kwa nyuzi za makumbi, yale makumbi ya nazi ambayo wanawake wa Wambaa tangu zama za bibi zao huyafukia kwenye tope la pwani mpaka yalainike, wakayapiga, wakayasokota kamba. Kampuni ingezinunua nyuzi hizo kwao hao hao. Tuseme haki, mpango ulikuwa mzuri.

"Huu ndio uendelevu," alisema Bi Abeer siku ya mkutano.

"Uendelevu ndiyo nini, Bi Abeer?" aliuliza Bi Moza.

Safari akadakia. "Ni kula leo bila kumuibia wa kesho."

"Basi sie waendelevu wa zamani! Maana hata hiyo leo yenyewe hatujala."

Bi Abeer alicheka mpaka akavua miwani, akaagiza wanawake waletewe wali. Zikaja na fulana nyeupe zilizoandikwa "Bahari Bila Plastiki", kila fulana ndani ya mfuko wake wa nailoni. Safari alikesha akizitoa fulana kwenye mifuko ile mmoja mmoja kabla watu hawajaiona, lakini Raniya alishaiona.

Raniya ndiye aliyekuwa akipima mwani kwenye mizani ya kituo. Macho yake yalikuwa kama mizani yenyewe, hayampunji mtu wala hayampendelei, na Safari alikuwa amejipeleka mbele yake mara nyingi kutafuta gramu ya upendeleo.

"Mifuko imekwenda wapi?" alimuuliza.

"Mifuko gani?"

"Ile unayoikalia."

Kwa hiyo walipendana. Bi Suhaila alishapeleka posa kwa ami yake binti, Mzee Bakar, kwa kuwa baba hayupo na mama, Bi Mwatum, alifariki. Mzee Bakar alijibu kwa maneno machache: yeye ndiye wali wa kumwozesha, lakini aliyemlea mtoto huyu tangu mamake aondoke ni Kazija. Kazija akisema ndiyo, naye atasema ndiyo. Kazija akisema la, wasimtume mtu tena.

Na Bi Kazija alimpenda Safari. Alimwita mwanangu. Mara moja, alipodhani hasikii, alimwita nkwe wangu. Kipemba chake kilikuwa kile cha shamba, kisichojua kuvaa suruali ya ofisini, na Safari alilibeba neno lile mpaka Chake Chake kama mtu aliyebeba yai.

Ikabaki apate jibu. Lakini kabla ya jibu, mpwa wake Bi Kazija alijifungua huko kisiwani Fundo, na nani mwingine angemkanda mzazi na kumwogesha mtoto mpaka arubaini? Bi Kazija akafunga kitita chake, akapanda gari la Wete ili avuke. "Nkirudi tutasema lile jambo," aliwaambia vijana wake wawili, akamwangalia Safari kwa jicho lililokwisha kusema.

Jioni ile Raniya alimngoja Safari mlangoni mwa kituo.

"Kamba za waridi usiziguse mpaka Mama Kazija arudi. Azifungue mwenyewe."

"Za waridi zipi?"

Hapo Raniya akamsimulia. Miaka ile ya mwanzo ya vyama vingi watu wa Pemba walisusiana. Mtu hakununua duka la mwenye kadi nyingine, hakwenda harusini kwake, na ziko maiti zilizozikwa na watu wachache kwa sababu ya kura. Bi Kazija na Bi Mwatum walikuwa wamesoma chuo cha Kurani pamoja, juzuu moja wakiichungulia wawili, na mashamba yao ya mwani yalipakana. Zilipoletwa tai-tai za rangi kila mmoja alichagua kwa moyo wake, na kila mmoja akasomwa kwa alichochagua. Kazija akafunga rangi za upande wake, Mwatum akafunga za upande wake. Msimu baada ya msimu waliinama bega kwa bega kwenye maji yale yale bila kusemezana. Kisu cha mmoja kikidondoka, mwenzake alikiokota akakiweka juu ya kigingi, akageuka kama aliyekiweka ni kaa.

Hata siku moja Bi Mwatum akashuka na mzigo wa tai-tai za rangi ya waridi, waridi ya peremende, akautupa majini mbele ya mwenzake.

"Hii haina chama," akasema. "Nshamuuliza mwenye duka."

Bi Kazija akautazama mzigo unavyoelea. "Na uchaguzi ujao?"

"Nani atakayethubutu kuomba kura na rangi hii?"

Walicheka. Bi Mwatum aliegemea kigingi kwa kucheka, kigingi kipya cha mti wa mkandaa, kikapinda na hakikunyooka tena. Maji yakajaa yakawakuta hapo hapo, mwani haujafungwa, wanaambiana habari za miaka.

Tangu hapo kamba za Bi Mwatum zikawa za waridi. Bi Kazija naye akaiacha rangi yake, akawa anafunga chochote anachopata, rangi mchanganyiko. Bi Mwatum alipofariki, mwenzake hakuziacha kamba zile. Alizilima pamoja na zake, akizitunza tai-tai zile zile, na kila alichovuna hapo akakiweka kando kwa vyombo vya harusi ya Raniya.

"Kwa hiyo usiziguse," Raniya alisema. "Niambie sawa."

"Sawa."

"Sema vizuri."

"Sawa, binti Mwatum. Wallahi sawa."

Naye alikusudia. Hilo Raniya mwenyewe hakulikana hata siku aliyokasirika.

Siku ya kusafisha, maji ya bamvua, yanayokupwa kuliko siku nyingine, yalitoka mpaka mwamba wa mbali ukaonekana mgongo. Vijana wa mjini walishuka na fulana zao, wanawake na visu vyao, na Bi Abeer akaleta mpiga picha. Kazi ilikwenda kwa nyimbo. Vijana walikata tai-tai, wanawake walifunga nyuzi za makumbi, na Safari alikimbia huku na huku akitoa amri ambazo hakuna aliyezisikiliza. Mmoja akaona vigingi vimekaa ovyo, akapendekeza vipangwe kwa mistari. Safari akaona wazo zuri. Vigingi vya zamani vikang'olewa, vipya vikachomekwa vimenyooka kama askari wa gwaride, na Bi Moza akawa anavibeba vile vya zamani kwenda kupikia.

"Safari!" aliita mpiga picha. "Simama hapo. Shika tai-tai nyingi, inua juu. Hizo zimefifia, hazitoki kwenye picha. Tafuta rangi inayong'aa!"

Safari akageuka. Pale ubavuni mwake, chini ya maji yaliyomfika gotini, waridi iling'aa.

Alilikumbuka neno alilompa Raniya. Tusimsingizie kwamba alisahau. Alilikumbuka, akajiambia atachukua konzi moja tu na baadaye atazirudisha, na kisu kikapita. Akainua ngumi, akatoa meno yote, kamera ikamulika. Na vijana waliokuwa nyuma yake, walipomwona ofisa mwenyewe anakata hapo, walijua hapo napo panakatwa. Alipoishusha ngumi kamba zote za Bi Mwatum zilikuwa zimekatwa tai-tai zake, na kigingi kilichopinda kilikuwa begani kwa Bi Moza kinaelekea jikoni.

Plastiki yote ilipimwa kituoni, gunia moja moja. Raniya aliyapokea magunia huku akiwatania wabebaji. Gunia moja likapasuka mdomo. Akainama kulifunga, waridi ikamtokea mkononi. Akabaki ameinama.

"Umeniambia sawa," alisema alipoinuka, kwa sauti ya mtu anayesoma mizani.

"Raniya, mpiga picha alitaka..."

"Mpiga picha hakuniambia sawa."

"Nitakuomba radhi kwa..."

"Mie sina la kukusamehe. Kamba zile zingekuwa zangu peke yangu ningekusamehe sasa hivi, maana nakujua ulivyo mpumbavu. Mngoje mwenyewe."

Magunia yakapelekwa ghala la Chake Chake kumsubiri mgeni ayaone. Na huko ndiko Bi Abeer alikomkuta ofisa wake wa mazingira asubuhi moja, amekaa kitako katikati ya kilima cha plastiki, anachambua uzi mmoja mmoja.

"Safari, unatafuta nini?"

Aliruka akavaa kofia yake kichwani haraka. "Nachambua rangi, Bi Abeer. Mgeni aone mpangilio."

"Mpangilio wa taka?"

"Ndiyo uendelevu wenyewe."

Bi Abeer akavaa miwani, akamtazama vizuri, kisha akanyoosha kidole kuelekea sikioni kwake. "Umetokwa na uzi wa waridi sikioni," alisema, akaenda zake. Safari akaurudisha ndani ya kofia, pamoja na wenzake.

Bi Kazija alirudi bamvua la pili linaanza, siku moja kabla ya mgeni. Alishusha kitita, akasalimia watu, akachukua kisu chake na tenga, akashuka pwani kabla hata ya kunywa maji. Wanawake waliomwona wanasema alikwenda moja kwa moja mpaka katikati ya mashamba, akasimama, akageuka kushoto, akageuka kulia. Mistari iliyonyooka, nyuzi za makumbi, kahawia tupu mpaka kwenye mwamba. Hakufunga mche hata mmoja. Alisimama mpaka maji yakaanza kumrudia miguuni, akapanda ufukweni.

Safari alikuwa akimngoja juu ya mchanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana ofisa."

Kwa maneno hayo mawili ya mwisho Safari angeweza kukaa chini palepale. Alikuwa mwanangu alipoagana naye.

"Mama Kazija, kuna jambo nataka..."

"Bahari safi, bwana ofisa. Safi nno. Mie sina neno na usafi, ile mizigo ya plastiki hata mie ilinichosha, na makumbi ni kazi yetu." Alihamisha tenga bega la pili. "Lakini mie kila nkishuka huntolea salamu mwenzangu. Miaka hii yote nashuka, nasema salaam aleikum Mwatum, nainama nafanya kazi. Leo nimetoa salamu, na sikujua nielekee wapi."

Hakusema kwa hasira. Safari angepewa hasira angeshukuru. Mama yule alimpita polepole, na jioni Raniya akaja na ujumbe: ami Bakar aambiwe angoje.

"Angoje mpaka lini?" Safari aliuliza.

"Hakusema mpaka lini." Raniya alikuwa amelia, na alimkasirikia Safari kwa kuyaona machozi hayo. "Kwani yeye akikosa mahali pa kumsalimia mama, mie nitapata wapi?"

Akaondoka. Safari akabaki peke yake kituoni, ambako ukuta ulikuwa umepambwa kwa ajili ya mgeni. Picha kubwa kuliko zote ilikuwa yake yeye, ngumi juu, meno nje. Siku zote alizopita pale alikuwa akijitazama, na wala hakuwa akijichukia. Leo alisogea karibu mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akaona mengine. Nyuma ya bega lake kulikuwa na kigingi kilichopinda kama kidole cha bibi. Nyuma ya kigingi, ufukweni, mkandaa wenye vichwa viwili. Na mnara wa msikiti ulikuwa umekaa sawasawa baina ya vichwa vile viwili, kama mtu anayechungulia dirishani.

Aliivuta picha ukutani na gundi yake, akatoka mbio kwenda kwa Bi Moza.

"Bi Moza, vile vigingi!"

"Vigingi vyereje?"

"Vile vya zamani. Viko wapi?"

"Vingine viko tumboni mwako. Mihogo ya juzi ulikula kwa nani?"

"Kile kilichopinda!"

Bi Moza akamtazama, tambuu ikasimama. Aliingia uwani, akarudi na kigingi. Upande mmoja kilikuwa cheusi kwa moshi. "Hiki kilikataa kuingia chini ya chungu," alisema. "Kila nkikisukuma kinatoka upande wa pili. Nkasema huyu kama marehemu Mwatum, hapangiki." Alimkabidhi, na kwa mara ya kwanza tangu amjue hakumtania. "Nenda, mwanangu. Maji kesho yanatoka mapema."

Asubuhi, watu walipokuwa bado na chai, Safari alikuwa majini na picha mkononi, suruali ya ofisini imekunjwa. Alikwenda kushoto mpaka mnara ukajificha nyuma ya kichwa kimoja cha mkandaa. Akarudi. Akapiga hatua nyuma, akajikwaa kwenye kamba, akalowa mpaka kifuani, picha akainusuru. Mnara ukachungulia. Ukasogea. Ukakaa katikati.

Hapo hapo alichomoa kigingi kimoja cha gwaride, akachomeka kile kilichopinda. Kikakaa kama mzee aliyerudi kwenye kiti chake. Safari akakitazama, akahisi kama anapaswa kusema kitu. "Salaam aleikum, Bi Mwatum," alisema. "Mimi ndiye nilokosa."

Kisha akavua kofia. Tai-tai za waridi zilikuwa zimejaa ndani yake, zimekunjamana. Alijua vizuri anachofanya. Mgeni alikuwa njiani, Bi Abeer pamoja naye, na maneno aliyoyasema juu ya gunia kila mwanamke wa Wambaa aliyajua kwa moyo. Lakini alifikiri, uzi mmoja. Uzi mmoja chini ya maji, ubavu wa ndani wa kigingi, atakayeuona ni yule anayeutafuta tu.

Ilikuwa rahisi kufikiri kuliko kufunga. Uzi wa kwanza uliteleza. Wa pili ulikatika. Wa tatu akaushika ncha moja kwa meno, akauzungusha, akavuta, fundo likakubali, likafikiri upya, likafunguka. Alikuwa ameinama, kidevu majini, mdomo umejaa plastiki, aliposikia maji yanachapwa na miguu nyuma yake.

"Nani huyo anayefunga taka kwenye bahari ya watu?"

Safari akasimama wima, mikono mgongoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Hakuna kitu."

"Basi hakuna kitu kinakuning'inia mdomoni."

Akautema. Uzi ukaelea baina yao, na wote wawili wakautazama. Ndipo Bi Kazija akakiona kigingi.

Alikiendea, akaweka kiganja pale palipopinda, juu ya weusi wa moshi, na Safari akaanza kusema kwa wote wawili, kwa kasi, maneno yakijikwaa: kwamba alimwahidi Raniya, kwamba alilikumbuka neno lake na bado akakata, kwa sababu ya picha, mama, kwa sababu ya picha tu, na kwamba mahali ni hapa hapa, mama atazame, mkandaa ule na mnara ule, kamba za Bi Mwatum zilianza kwenye kigingi hiki zikaenda kule.

"Nataka nikurudishie mahali," alisema. "Rangi naifunga hii moja tu. Mgeni akiiona, basi ataiona."

"Ataiona, na kazi utafukuzwa."

"Ndiyo."

"Na utacheka na nani? Maana nyie watu wa maneno mkikosa kazi hamtaniki."

Safari akakung'uta maji kwenye suruali iliyokwisha kulowa.

Bi Kazija akaegemea kigingi taratibu, kama anayepima kama bado kinakumbuka. Kilikumbuka. Midomo yake ikasema kitu bila sauti, akielekea mahali pale, na safari hii alijua aelekee wapi. Maji yalikuwa yakitoka kimya baina ya miguu yao.

"Kigingi kitanitosha," alisema baadaye. "Hiyo toa humo baharini. Mwatum alikuwa ntu nsafi, asingetaka samaki wale takataka zake." Akauokota uzi uliokuwa ukielea, akamnyooshea, pamoja na mkono wake wa kushoto. "Nfunge hapa."

"Wapi?"

"Hapa, kwenye nkono. Nisiende nao baharini, niende nao mie."

Safari akaupokea uzi. Akauzungusha kwenye kifundo kile chembamba kilichokauka kwa chumvi, na vidole vyake, vilivyokuwa vimeshindwa na fundo asubuhi nzima, vikapotea njia tena.

"Pitisha chini," alisema Bi Kazija.

"Nimepitisha."

"Chini kwa huku. Hii mikono walikupa ya nini?"

"Mama, usinichekeshe."

"Nani anacheka?" Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Macho yake yalikuwa na maji, na hayakuwa ya bahari.

"Safari!"

Hawakuwasikia walivyofika. Bi Abeer alikuwa amesimama kwenye maji, viatu mkononi, miwani machoni. Ubavuni mwake alikuwepo mgeni, mama mrefu wa Kizungu aliyejifunga kanga juu ya suruali, kamera tayari, na nyuma yao Wambaa nzima, Bi Moza mbele na Raniya nyuma kidogo, mkono mdomoni. Wote waliona kitu kimoja: ofisa wa mazingira, amelowa, kofia imejaa plastiki inaelea mbele yake kama kikapu cha sadaka, anafunga tai-tai.

Bi Abeer alimtazama sikioni kwanza, kisha mikononi. "Hiyo nini, Safari? Nani kaileta hiyo humu?"

Safari akafungua mdomo.

Bi Kazija akauinua mkono wake juu, uonekane na watu wa nyuma, na fundo bovu la waridi likaning'inia juani.

"Kanfunga nkwe wangu," alisema kwa sauti ya kuwafikia wote mpaka ufukweni. "Si alisema atafunga? Kwa nkono wake mwenyewe. Sie mashahidi."